Pua Yako Haijui Klorini: Kutoka Zanzibar 1869 Hadi Bwawa la Kericho

Wasee, kuna uongo mmoja ambao karibu kila mtu ameuamini. Ukifika kwenye bwawa la kuogelea, ukisikia ile harufu kali ya klorini, unasema, "Hapa maji ni safi." Hapana. Klorini huru, yaani ile ambayo bado ina nguvu ya kuua vijidudu, ikiwa kwa kiasi kinachofaa hata hutaisikia vizuri. Ile inayokuchoma pua ni kloramini, kitu kinachozaliwa klorini ikikutana na jasho, mafuta ya ngozi na, samahani, mkojo. Bwawa linalonuka linakuambia dawa imeshapigana na uchafu wa watu na bado uchafu uko.

Mimi niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili. Siku hizi wikendi, kama sina kazi ya kamera, huwa naosha mabwawa ya watu huku Kericho. Kuna nyumba za watu waliorudi kujenga nyumbani, na kuna zile za kukodisha ambazo vijana kutoka Nairobi na Kisumu huja kupigia picha na chai nyuma yao. Wenye nyumba wote huniuliza swali moja: "Umeweka dawa?" Hakuna aliyewahi kuniuliza, "Umepima?" Hilo ndilo limenifanya nichimbe historia ya hii kitu, juu nimegundua swali la pili ndilo liliokoa watu wengi zaidi.

Turudi nyuma kidogo. Kwa karne nyingi binadamu walitumia pua kama kipimo cha ugonjwa. Madaktari wa Ulaya waliamini magonjwa yanaletwa na hewa mbovu. Hata neno malaria ni Kiitaliano cha zamani, maana yake hewa mbaya. Kikinuka kinaua, kisiponuka kiko sawa. Ukiona hiyo ni ushamba wa kitambo, kumbuka bado tunafanya hivyo kando ya bwawa.

Kilichochekesha historia ni kwamba klorini yenyewe iliingia kwenye udaktari kupitia pua. Mwaka 1847, katika hospitali kuu ya Vienna, daktari mmoja anayeitwa Ignaz Semmelweis aliona akina mama wanakufa baada ya kujifungua, na wengi ni wa wodi ambayo madaktari walikuwa wanatoka kupasua maiti wanakuja moja kwa moja kuzalisha. Aliwaambia waoshe mikono na maji ya chokaa yenye klorini. Kwa nini hiyo? Kwa sababu ilitoa harufu ya maiti mikononi. Basi. Hakujua kuna bakteria. Vifo vilishuka kutoka zaidi ya akina mama 10 kwa kila 100 hadi karibu 2, na wakubwa wake bado walimkataa. Pua ilibahatisha mara moja, ikapata.

Kwa maji haikubahatisha. Mwaka 1854 London, John Snow alionyesha kipindupindu kinatoka kwenye pampu moja ya mtaa wa Broad Street. Watu walikuwa wanapenda maji ya pampu hiyo. Hayakuwa machafu kwa macho wala kwa pua. Watu wengi hawakumwamini, akafa 1858 kabla dunia haijakubali.

Na usidhani hii ni stori ya wazungu peke yao. Mwaka 1869 kipindupindu kilifika Zanzibar na kuua maelfu hadi mwaka uliofuata. Kulikuwa na daktari Mskoti pale, James Christie, ambaye badala ya kubishana kuhusu hewa alianza kuuliza wafanyabiashara na watu wa misafara: mlipita wapi, mlikuta wagonjwa wapi, lini? Akaunganisha njia ya ugonjwa kutoka upande wa Bahari ya Shamu, ukashuka kupitia Umaasai, ukatokea Pangani, halafu ukavuka maji hadi kisiwani. Kitabu chake kuhusu kipindupindu Afrika Mashariki kilitoka 1876. Yaani jamaa alikuwa anafuata mawasiliano ya wagonjwa miaka 150 kabla sisi kufungiwa na korona. Sultani Barghash, aliyeanza kutawala 1870, baadaye aliwaletea watu wa mji maji ya chemchemi kwa mfereji kutoka nje ya mji. Hakukuwa na klorini. Dawa yake ilikuwa kutafuta maji mengine, na kwa wakati ule hiyo ilikuwa akili kubwa.

Sasa ndio tufike kwa mtu ninayemheshimu zaidi katika hii stori yote. John Leal, daktari wa New Jersey, Marekani. Babake alikuwa daktari wa jeshi katika vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe. Aliambukizwa ugonjwa wa kuhara kambini na ukamsumbua miaka mingi hadi ukamuua. Leal alikua akiangalia maji yanavyomla mtu polepole.

Mwaka 1908 kampuni aliyoifanyia kazi ilikuwa inauzia Jersey City maji, mji wa watu zaidi ya laki mbili. Mahakama ikaamua maji yale hayako salama wakati wote. Mji ulitaka kampuni ijenge mitaro ya majitaka huko juu ya bwawa la Boonton, pesa ndefu sana. Leal akaamua kutia klorini. Wakati huo kumwambia mtu unamwekea kemikali kwenye maji ya kunywa ilikuwa kama kumwambia unamtilia sumu. Alishirikiana na mhandisi George Fuller, wakajenga mtambo kwa siku 99, na tarehe 26 Septemba 1908 ukawashwa. Hakuomba ruhusa.

Kesi ikarudi mahakamani 1909. Aliulizwa kama yeye mwenyewe angeyanywa. Akasema ndiyo, na familia yake angewapa. Lakini kilichomwokoa pale sio ujasiri. Ni mizani. Watu walikuwa wameshamwaga klorini kwenye maji kabla yake, kwa mfano Maidstone, Uingereza, 1897 wakati wa mlipuko wa taifodi, na Lincoln 1905. Leal na Fuller walifanya kitu cha kuchosha: kiasi kidogo, chini ya nusu miligramu kwa kila lita, kila dakika, mchana na usiku, na wanapima bakteria kabla na baada. Walikuja mahakamani na namba. Wapinzani walikuja na wasiwasi. Baada ya hapo miji ya Marekani ilifuata mmoja baada ya mwingine.

Mabwawa ya kuogelea yalidandia hapo. Kabla ya klorini, bwawa la umma lilikuwa linajazwa, watu wanaoga wiki nzima, halafu linamwagwa. Uingereza kuna sehemu bei ilikuwa juu siku maji ni mapya na inashuka kadiri wiki inavyokwenda. Fikiria wewe ndio mtu wa Jumamosi, umelipa kidogo, umeingia kwenye supu. Karibu 1910, chuo cha Brown kule Marekani kilikuwa kati ya vya kwanza kutia klorini kwenye bwawa, na matumizi haya yakaenea.

Ikafika hadi huku. Kampuni za chai ziliingia Kericho miaka ya 1920, na miaka ya 1950 Brooke Bond ikajenga Tea Hotel, na bustani zake, na bwawa la kuogelea. Wazee wa huku bado wanaizungumzia kama ikulu. Kwa miaka mingi sasa habari zake ni za kuchakaa na mipango ya kuifufua. Ninachotaka uone ni muda: klorini ya bwawani ilifika kwenye hivi vilima ikiwa kitu cha mameneja, kinywaji mkononi, na hivyo ndivyo tumeibeba kichwani. Dawa iliyotengenezwa kupigana na taifodi ikawa kitu cha wadosi. Ndio maana mtu ana bwawa la milioni na hana kipimo cha shilingi.

Kipimo nacho kina historia yake. Kuanzia 1913 watu walitumia kemikali inaitwa orthotolidini: tone kwenye maji, yakigeuka njano kuna klorini. Bado utapata vile vichupa vya tone la njano madukani. Shida yake ni mbili. Inachanganya klorini yote, iliyo huru na ile iliyochoka, inakupa namba moja ya jumla. Na yenyewe si kitu cha kuchezea, inashukiwa kuleta saratani. Mwaka 1957 Mwingereza Arthur Palin akaja na DPD, ile inayogeuka waridi. Kidonge namba 1 kinakupa klorini huru. Ukiongeza namba 3 kwenye maji yale yale unapata jumla. Toa ya kwanza kwenye ya pili, unabaki na kloramini. Hesabu ya darasa la tatu, na inakuambia kile pua haiwezi.

Desemba niliitwa nyumba moja nje ya mji, ya kukodisha. Watoto wa wageni walikuwa wametoka majini macho mekundu kama wamelia siku nzima. Mlinzi, mzee mpole sana, akanionyesha ndoo ya HTH.

"Kijana, hii dawa imekufa. Naongeza, naongeza, haifanyi."

"Mzee, umepima pH?"

"pH ni nani?"

Nilicheka, na yeye akacheka, lakini swali lake ni zuri kuliko majibu mengi ninayoona mtandaoni. pH ni bosi wa klorini. Klorini ikiingia majini inagawanyika sura mbili, moja inaua haraka, nyingine ni mvivu. pH ikiwa 7.5 ziko nusu kwa nusu. Ikishuka 7, yule muuaji anakuwa karibu robo tatu. Ikipanda 8, anabaki karibu robo tu. Pale kwa mzee pH ilikuwa imepita 8. Halafu HTH yenyewe inasukuma pH juu. Unaona mtego? Anaongeza dawa, pH inapanda, dawa inalegea, anaongeza tena. Mkoba wa mwenye nyumba unalia, macho ya watoto yanalia.

Kwa bwawa la nyumbani unatafuta klorini huru kati ya miligramu 1 na 3 kwa lita, na pH kati ya 7.2 na 7.8. Rekebisha pH kwanza, klorini baadaye. Na kabla ya kumwaga, jua ukubwa wa maji yako. Bwawa la mita 8 kwa 4, kina cha wastani mita 1.5, ni lita 48,000. Kupandisha klorini kutoka 0.5 hadi 2 unahitaji gramu 72 za klorini halisi. HTH ya asilimia 65 inakuwa kama gramu 110. Gramu 110! Mtu wa mkebe wa nusu kilo amerusha karibu miligramu 7 kwa lita ndani ya maji na hajui. Kloramini ikiwa imejaa, hapo ndio unapiga dozi kubwa kwelikweli, kama mara kumi ya kloramini uliyopima, jioni, hakuna mtu majini, na hakuna anayeingia hadi namba zishuke.

Kericho ina visa vyake. Tuko karibu mita 2,000 juu ya bahari, maji ni baridi, kwa hivyo watu hudhani baridi inaua vijidudu. Baridi inachelewesha ukijani tu. Mvua ndio usiniambie. Inapunguza klorini, na kwa sababu maji ya mvua hayana ile chumvi ya kutuliza pH, baada ya wiki ya mvua pH inayumba kama matatu ya Chagaik. Ongeza mvua ya mawe, ambayo huku ni maarufu duniani, inayoangusha majani na matawi bwawani, na majani yanakula klorini pia. Ikinyesha, pima tena. Jua likitoka nalo, kwenye mwinuko huu, linaweza kula nusu ya klorini isiyolindwa ndani ya saa moja hivi.

Kwa ajili ya jua kuna kinga, asidi ya sianuriki, na vidonge vile vikubwa vya kuelea huja nayo ndani. Tatizo ni kwamba klorini inaisha, asidi inabaki. Kila miligramu 10 za klorini kutoka kwa vidonge hivyo zinaacha kama 6 za asidi. Baada ya miezi, kipimo cha klorini kinasoma vizuri lakini klorini imeshikwa, haiui haraka. Kati ya 30 na 50 iko sawa. Ikipita 100, mwaga sehemu ya maji ujaze mapya, hakuna dawa ya kuiondoa kirahisi.

Nitoke Kericho kidogo niende Busia, juu huko ndiko hii stori inanigusa. Miaka ya 2000 watafiti, akiwemo Michael Kremer aliyekuja kupata Nobel ya uchumi 2019 pamoja na Abhijit Banerjee na Esther Duflo, walitaka kujua kwa nini watu vijijini hawatii klorini kwenye maji ya chemchemi. Chupa za dawa zilikuwa madukani, bei ndogo, watu wanajua faida, hawanunui. Wakajaribu kuweka tangi dogo la klorini pale pale chemchemini, bure, na mtu wa kijiji wa kuhamasisha wenzake. Ukigeuza koki inatoa mililita 3 kwa mtungi wa lita 20. Matumizi yakapanda sana. Na walijuaje? Hawakuishia kuuliza "mama, unatia dawa?" kwa sababu mgeni akikuuliza hivyo utasema ndiyo. Walienda nyumbani wakapima maji ya kunywa, wakaangalia kama yana klorini.

Piga hesabu ya ule mtungi: mililita 3 za dawa ile ndani ya lita 20 ni karibu miligramu 2 kwa lita. Ni namba ile ile ya bwawa la milionea. Nyanya wa Busia na mwenye bwawa la vigae vya buluu wanatafuta kitu kimoja. Na kama unadhani kipindupindu ni cha vitabu, mwaka 2015 kilipoenea Kenya, Bomet hapa karibu ilikuwa kati ya kaunti zilizopigwa.

Kuna upande wa giza pia, na huu nauandika polepole. Tarehe 22 Aprili 1915, karibu na Ypres, Ubelgiji, jeshi la Ujerumani lilifungua mitungi ya klorini na upepo ukaibeba hadi kwenye mahandaki ya adui. Watu walikufa wakikosa hewa. Gesi hiyo hiyo unaweza kuitengeneza kwenye stoo yako bila kutaka, ukichanganya HTH na asidi ya kushusha pH, au Jik na dawa ya choo yenye asidi. HTH na vile vidonge vikubwa vikichanganyika vinaweza kushika moto, hata kulipuka. Kila kitu na mkebe wake, na kijiko chake, na rafu yake. Na unatia dawa ndani ya maji, kamwe usitie maji juu ya dawa. Kule kwa mzee nilikuta asidi na HTH kwenye ndoo moja, zimetenganishwa na gazeti.

Basi kama hutaki hii kazi yote, kuna watu huamua kuacha bwawa likae tu. Hilo nalo limechunguzwa. Malindi, kwenye mabwawa ya hoteli na nyumba zilizotelekezwa, watafiti walichapisha 2008 kwamba yanazalisha viluwiluwi vya mbu wa malaria. Na Kericho sio mahali pa kusema mbu hawafiki juu hapa. Rekodi za wagonjwa wa malaria za hospitali ya mashamba ya chai ni kati ya zile wanasayansi wamebishania zaidi duniani walipokuwa wanatafuta kujua kama joto linapandisha malaria milimani. Bwawa lako likishageuka kijani, ama ulimwage liwe kavu kabisa, ama ujaze udongo upande sukuma.